Wifi Muhsina na Usiku wa Thelathini

Zamani mtu akiniuliza wifi yangu Muhsina anafanya nini, nilikuwa nikisema amestaafu, basi. Siku hizi nasema anasoma. Akiniuliza tena anasoma nini, hapo ndipo nnapotafuta kisingizio cha kwenda jikoni, maana jibu lake ni refu na watu wengi huanza kuangalia simu zao kabla sijafika kati. Lakini leo siendi jikoni. Leo nitasimulia mpaka mwisho, na asiyetaka kusikiliza mlango uko wazi.

Mie naitwa Balqees. Muhsina ni mke wa kaka yangu Saud, Mungu amrehemu. Tunakaa pamoja Mawaleh, hapa Maskati, nyumba moja, jiko moja, ila kila mmoja ana friji lake kwa ajili ya amani. Yeye ana miaka sitini na tano. Alizaliwa Unguja, akaondoka na wazee wake akiwa na miaka kumi na tano, akafika Maskati hajui Kiarabu cha hapa ila salamu na sala. Chuo hakukanyaga. Alipata kazi matbaa, kwenye mashine za kuchapa huko Wadi Kabir, na akaanzia kukata karatasi. Baadaye wakamtia kusahihisha, na mwisho wakampa kazi ambayo wanaume wote pale walikuwa wakiikimbia, nayo ni kalenda.

Msiicheke kazi hiyo. Kalenda ya ukutani ya nchi hii ina tarehe mbili kwenye kila kisanduku, ya Kizungu na ya Kiislamu. Ya Kizungu unaweza kuipanga hata ya miaka mia ijayo ukalala zako. Ya Kiislamu inataka adabu, kwa sababu mwezi huenda ukawa na siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna wa kukuhakikishia mpaka watu watoke magharibi watazame umeandama au haukuandama. Kwa hiyo ile siku ya thelathini Muhsina alikuwa akiichapa kwa wino mwepesi, miezi yote, miaka thelathini na moja. Wenye maduka walimlalamikia kwamba kisanduku cha mwisho kimefifia, wakidhani mashine mbovu. Yeye akiwajibu, "Hakikufifia. Hakijulikani." Wakachoka, wakamwacha na lake.

Sasa, Saud alifariki mwaka wa korona. Matanga hayakuwekwa. Watu walitupa pole kwa simu, na waliomzika walikuwa wachache, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake. Muhsina akakaa eda. Nilisema wakati ule, na nililaumiwa kwa kusema, kwamba mwaka huo mji mzima ulikaa eda, ila yeye tu ndiye aliyekuwa na sababu. Miezi minne na siku kumi hatoki wala hajipambi, na wageni wa kumliwaza hawana ruhusa ya kuja. Mwanamke mwingine angefuma au angeshona. Wifi yangu hajui sindano wala uzi.

Mwanawe Yaqdhan, mhandisi, mtoto mpole asiyependa makelele, akamletea kasha la vitabu vyake vya zamani vya skuli apate kupoteza mawazo. Katika kitabu kimoja kikubwa kulikuwa na picha ya kibao cha mti kilichochongwa alama ndogo ndogo, vijitu vyenye masikio makubwa, ndege, samaki na hilali. Maelezo yalisema hayo ni maandishi yanayoitwa rongorongo, ya watu wa Rapa Nui, kisiwa kilicho peke yake katikati ya Pasifiki. Waliojua kuyasoma walikufa zamani. Vibao vilivyobaki duniani havifiki thelathini, na hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuvisoma. Ila kuna sehemu ya kibao kimoja ambayo wataalamu wanakubaliana kuwa ni kalenda ya mwezi, usiku baada ya usiku. Hawajui inavyotamkwa, lakini wanajua ni kalenda kwa jinsi hilali zake zilivyopangika.

Nakumbuka nilimpelekea chai nikamkuta kakiweka kitabu miguuni. Akaniambia, "Wifi, wanasema hawawezi kuisoma. Kwani kalenda husomwa? Kalenda huhesabiwa."

"Kunywa chai yako itapoa," nikamwambia.

Ilipoa. Baada ya wiki mbili Yaqdhan alikwishamtolea kwenye mtandao picha na michoro ya vibao vyote vilivyokuwako, na Muhsina alikwishaibandika juu ya maboksi ya kadibodi aliyoyakata kwa umbo la vibao. Maana vile vibao, mnajua, vina mambo. Unasoma mstari mmoja, ukifika mwisho unakigeuza kibao juu chini, unaendelea na mstari wa pili, halafu unakigeuza tena. Basi mwanamke aliyefiwa, na nguo zake za eda, anakaa sebuleni anageuza kadibodi. Nikampigia simu Yaqdhan, nikamwambia mama yako anasoma mbao kichwa chini, njoo haraka. Akaniambia, "Shangazi, mwache. Angalau anakula." Na kweli alikuwa anakula.

Tukagombana siku ya kutoka eda. Hili nalisema ingawa halinipendezi, kwa sababu bila ya ugomvi ule hakuna hadithi. Mie nilikuwa nimehesabu siku mia moja na thelathini tangu siku kaka yangu alipofariki, miezi minne kwa siku thelathini thelathini, na kumi juu yake. Yeye alihesabu kwa mwezi ulivyoandama, na katika miezi ile minne, miwili ilikuwa na siku ishirini na tisa. Akatoka siku mbili kabla ya hesabu yangu. Nikamkuta barazani anamwagilia mlimao wa Saud, na mie mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Kaka yangu hakustahiki hata siku mbili?" Nilimwambia hivyo mbele ya jirani.

Tulinuniana siku tisa. Kila mmoja na friji lake. Nilikwenda kwa mtu anayejua dini nikitaraji kuungwa mkono, akaniambia miezi ya eda ni miezi ya mwandamo, na wifi yako hakukosea. Nikarudi nyumbani nimefyata mkia, nikikusanya maneno ya kuomba radhi, na yale si maneno ninayoyatumia kila siku. Kabla sijafungua mdomo yeye akanitangulia jikoni, kadibodi mkononi.

"Wifi, umenisaidia," akasema.

"Nimekusaidia nini? Nilikutukana."

"Ulinitukana, ndiyo, na nitakukumbusha nikipata nafasi. Lakini wewe ulianza hesabu siku aliyokufa. Hukungoja mwezi uandame. Mtu mwenye jambo lake huanza kuhesabu pale jambo lilipomkuta, hata kama ni katikati ya mwezi." Akaniwekea ile kadibodi juu ya unga niliokuwa nakanda. "Tazama kibao hiki. Si kile cha kalenda, ni kingine. Kina hilali zimejipanga kwa mafungu, lakini zinaanza ovyo, hazianzii mwezi mchanga. Sioni mtu aliyezishughulikia. Mie nasema hii nayo ni hesabu ya masiku, ila mwenyewe aliianza kati, kwa sababu ana lake lililompata."

Nikamwambia aondoe karatasi kwenye chapati zangu. Lakini nilizitazama zile hilali, na mpaka leo nnaziona.

Hivyo ndivyo alivyoanza, na tangu hapo hakushika kitu kingine. Asubuhi baada ya chai anakaa mezani mpaka adhuhuri, kila siku ila Ijumaa. Alijifunza kutumia kompyuta kwa nguvu, akiwa na miaka sitini, akimpigia Yaqdhan kazini mpaka mtoto wa watu akawa anajificha chooni kumjibu. Alisoma makala za Kiingereza kwa kamusi. Kila magharibi anapanda darini na daftari, aandike mwezi ameuona au hakuuona, umekaa vipi, umekawia kiasi gani kutua. Na mie napanda naye, goti hili likilalamika kila ngazi, kwa sababu naogopa ataanguka halafu nitalaumiwa mie. Miezi ya joto vumbi likizidi, mbingu ya Maskati haionyeshi kitu, anamtia Yaqdhan njiani atupeleke Qurayyat, mwendo wote ule, tukatazame hilali ufukweni dakika ishirini turudi. Mara moja tulikwenda mawingu yakatanda. Akaandika daftarini "mawingu", akafunga, akaingia garini wala hakusikitika. Mie ndiye niliyesikitika, nilikuwa na njaa.

Nilimuuliza siku moja darini, "Mwezi wa kisiwa kile ndio huu huu?"

"Ndio huu huu."

"Basi na wao wakiusubiri."

"Wakiusubiri. Wana masiku ishirini na nane yenye majina yake, na mengine mawili ya ziada ambayo hutiwa mwezi ukiyahitaji. Wazee wao waliwatajia wageni majina hayo kabla hawajafa. Orodha zenyewe hazikubaliani sana, lakini mawili ya ziada yapo." Akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Saud. "Unaona? Na wao walikuwa na shaka yao."

Miaka ikapita hivyo, mitano. Nilimkejeli sana. Nilimwita profesa wa mbao. Wageni wakija nikiwaonya wasikalie kochi la kushoto, limejaa Wapolinesia wa Rapa Nui. Yeye hunijibu kwa kucheka, au huninyamazia, na kunyamaziwa ndiko kulikonikera zaidi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, ikaja habari. Bibi mmoja mtafiti wa chuo kimoja Ulaya, ambaye Muhsina alikuwa akimwandikia na kujibiwa kwa ufupi, alitangaza kwamba kile kibao chake Muhsina kitapigwa picha upya kwa taa za pembeni. Kibao hicho kina ukingo uliolika, alama zake hazionekani kwa macho. Picha zile zitazionyesha. Na kabla hazijatolewa, yeyote mwenye nadharia juu ya kibao hicho aandike mapema anatarajia kukuta alama gani pale palipolika, na kwa nini. Maandishi hayo yatafungiwa mpaka siku ya picha, kisha yatawekwa hadharani yote, yaliyopatia na yaliyokosea.

Muhsina alisoma ile barua mara tatu.

"Huo ni utabiri," nikamwambia nikimchokoza. "Na utabiri unajua hukumu yake katika dini."

"Si utabiri. Ni kuambiwa onyesha unachokijua."

Hesabu yake, kwa jinsi alivyonieleza na nilivyoelewa, ilikuwa hivi. Lile fungu la hilali lilianza kati ya mwezi, likaenda mpaka mwisho wake, na pale mwishoni kabisa ndipo kibao kilipolika. Kama hii ni kalenda, basi pale palipolika lazima pawepo yale masiku mawili ya ziada, alama mbili zinazofanana, zimesimama pamoja. Alikuwa na uhakika na hilo.

Yaqdhan alikuja Ijumaa kula, akasikia. Aliweka kijiko chini. Yaqdhan hapandishi sauti, akikasirika anazidi kuwa mpole mpaka unatamani apige kelele.

"Mama, hao ni watu waliosomea. Ukikosea jina lako litakaa pale, kila mtu atasoma."

"Nikikosea nimekosea."

"Kwa nini ujitie katika jambo hilo? Umelifanya kwa kujiliwaza, limekuliwaza, alhamdulillahi. Inatosha."

Mie nilikuwa nakata tikiti, nikaacha kisu. Halafu Muhsina akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Ndiyo hilo ninalotaka kulijua, mwanangu. Kama pale pana alama zangu, basi miaka mitano nilikuwa nafanya kazi. Kama hazipo, basi nilikuwa namlilia baba yako, ila kwa kalamu. Kulia si aibu. Lakini nataka nijue lipi ni lipi. Sitaki kufa sijui."

Hakuna aliyekula tikiti. Yaqdhan akamsaidia kutuma.

Tukasubiri miezi mitatu. Nilidhani atatulia, lakini asubuhi alikaa mezani vile vile. Mie ndiye niliyekuwa natapatapa. Nilianza kumwombea katika sala, nikijiuliza kama inafaa kumwomba Mwenyezi Mungu ashughulike na ubao wa makafiri waliokufa zamani. Nikaona Yeye ndiye aliyeuumba ule mwezi, ataelewa. Nilikuwa nataka zile alama mbili ziwepo kuliko nilivyotaka vitu vyangu vingi. Kama hazipo, ningekuwa nimekaa na mjane wa kaka yangu miaka mitano nikimkejeli kilio chake mbele ya wageni. Hilo sikumwambia mtu.

Barua ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Yaqdhan alikuwa kaomba ruhusa kazini akaja, kwani tulijua ni wiki ile. Muhsina akavaa miwani, akafungua picha.

Tulitazama sote watatu. Mtu asiyejua lolote angeona pia. Pale palipolika, chini ya taa, palikuwa na alama moja, samaki. Alikuwa peke yake, hana mwenzake. Baada yake mti ulikuwa mtupu mpaka ukingoni.

Yaqdhan akamwekea mkono begani. Mie sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama miguu yake chini ya meza, imevaa soksi, imetulia tu.

Akavuta karatasi zake akaanza kuhesabu tena, polepole, kwa ncha ya kalamu. Alihesabu kama robo saa. Kisha akaweka kalamu.

"Nimeona nilipokosea," akasema. "Masiku yao mawili ya ziada hayakai pamoja. Moja hutiwa kabla ya mwezi mpevu, huko kati. Moja tu ndilo la mwisho. Limo katika orodha za wazee wao. Nimelisoma mara mia."

"Sasa kwa nini hukuliweka hivyo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nilidhani orodha ndizo zilizochanganya. Maisha yangu yote nimeweka shaka mwishoni mwa mwezi. Sisi shaka yetu iko pale, siku ya thelathini. Nikaona na wao lazima iwe pale. Haikunipitikia kwamba watu wanaweza kuitia shaka yao katikati, mwezi ukiwa unang'aa."

Yaqdhan akainuka mbio, uso umemng'aa. Ni mtu wa hesabu yule, alikwishapiga zake. "Lakini mama, kama moja liko kati na moja liko mwisho, basi pale mwisho panatakiwa alama moja. Na ipo moja. Basi nadharia yako ni sawa. Ni kalenda. Waandikie hivyo, waambie picha imekuthibitisha, umekosea jambo dogo tu."

Na mie nikasema, "Ndiyo, wifi, waandikie." Wallahi nilitaka aandike. Ningeandika mwenyewe kama ningejua Kiingereza.

"Hapana," akasema Muhsina.

"Kwa nini hapana? Si kweli?"

"Huenda ikawa kweli. Lakini niliulizwa kabla ya picha, si baada yake. Nilisema mbili, wameona moja. Sasa hivi nikishamwona samaki naweza kukutungia sababu kumi za kuwepo kwake, na zote zitapendeza. Wangekuta ndege ningekutungia za ndege. Nimekosea, Yaqdhan. Hili jipya nililoliona leo litangoja kupimwa mahali pengine ambapo sijapaona."

Chini ya barua ile palikuwa na maneno mengine. Waliotuma walikuwa kumi na tisa, orodha itatolewa wiki ijayo, na asiyependa jina lake litajwe aandike ndani ya siku tatu, atawekwa kwa namba. Yaqdhan aliyasoma kwa sauti, taratibu, akamtazama mama yake. Macho yake yalikuwa yanamwomba. Sikumlaumu. Ni mama yake, na duniani watu wana vidomo.

"Nipishe nikae sawa," Muhsina akamwambia.

Akaandika kwa Kiingereza chake, kidole kimoja kimoja, akitusomea kwa Kiswahili kila sentensi ikiisha. Aliandika kwamba utabiri wake ni makosa. Akaandika kwamba aliyaweka masiku yote mawili ya ziada mwishoni mwa mwezi kwa sababu ndiko watu wake wanakoiweka shaka, na kwamba hilo lilimfumba macho asione kilichokuwa mbele yake, na mwenzake yeyote mwenye kalenda ya mwandamo ajihadhari nalo. Hakusema neno moja kuhusu kuthibitishwa. Akaomba makosa yake yachapwe pamoja na maelezo hayo.

Alipofika mahali pa kujaza jina au namba, mie nikashindwa. Nilikuwa nimelibeba neno hili kwa miezi mitatu, nikalitoa vibaya, kama ninavyotoa kila kitu. "Basi ilikuwa kilio, wifi," nikamwambia. "Na mie nilikuwa nakucheka miaka yote ile. Nisamehe."

Akavua miwani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akidhani mie ndiye niliyepatwa na jambo.

"Kilio gani, Balqees? Kilio hakikosewi. Umeona wapi mtu akalia akaambiwa amekosea? Kazi ndiyo hukosewa."

Nikalia mie, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale pale, kilio ambacho sikumlilia kaka yangu siku ya kuzikwa kwa sababu tuliamrishwa kusimama mbali mbali. Yaqdhan akatoka nje kwenda kuutazama mlimao. Muhsina akanipa kitambaa, akavaa miwani yake, akageukia kompyuta. Aliandika jina lake, la baba yake, la babu yake na la kabila lake, na chini yake Mawaleh, Maskati.